Chuo, Ukumbi na Skuli ya Maandalizi: Malezi ya Mtoto Mdogo katika Unguja

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Methali hii hupendwa sana na wenye fimbo, kana kwamba shabaha yake ni kukunja tu. Lakini mvuvi wa Nungwi au Jambiani anajua kwamba samaki mbichi hukunjika kwa ulaini wake, wala hahitaji kulazimishwa. Katika makala hii tutatazama jinsi watoto wadogo wa Unguja walivyofunzwa tokea zamani, kisha tupime ni kipi katika urithi huo kinachostahili kuingia katika chumba cha skuli ya maandalizi.

Kabla ya skuli kulikuwa na chuo. Katika mitaa ya Mji Mkongwe kama Malindi na Mkunazini, na katika vijiji vya shamba, mwalimu aliwakusanya watoto barazani au ukumbini mwake, wakaketi mkekani. Mtoto alianza na alifu, akaendelea mpaka juzuu ya Amma, na siku alipohitimu msahafu wazazi wake walifurahi mbele ya jirani zao. Wakubwa na wadogo waliketi pamoja; mkubwa alimsomesha mdogo, na mdogo alizoea sauti za herufi kabla hajazitambua kwa macho. Hapo alijifunza pia kuamkia, kungoja zamu na kumsikiliza mwenziwe. Hata hivyo, hatuna budi kusema kweli: bakora ilitumika mno, na wengi walikariri pasi na kufahamu.

Chuo cha pili hakikuwa na ubao. Kilikuwa nyumbani, kwa bibi, saa za jioni. Mtoto aliyetegewa kitendawili alilazimika kulinganisha umbo la kitu hiki na kile, na aliposhindwa alitoa mji, kisha akapewa jibu. Mchana alicheza kibe na mdako, akahesabu vijiwe, akachota mchanga kwa kifuu, akajua kipi kizito na kipi chepesi. Michezo hiyo tuliiita upuuzi wa kitoto, kumbe ndiyo iliyokuwa mizizi ya hesabu na fikra.

Serikali ya kikoloni ilifungua skuli yake ya kwanza mwaka 1905. Wazazi wengi walisita kupeleka watoto, kwa kuchelea dini na mila, na hofu hiyo ilipungua pale Kurani ilipopewa nafasi katika masomo ya skuli. Baada ya Mapinduzi, tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na mlango wa skuli ukawa wazi kwa mtoto wa mkulima kama kwa mtoto wa tajiri. Lakini mtoto ambaye hajafikia darasa la kwanza alibakia zaidi mikononi mwa mama yake na mwalimu wa chuo.

Daraja baina ya pande hizi ilijengwa kwanza Mombasa. Katika miaka ya 1980, kwa ombi la viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya na kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, Bi Swafiya Said aliongoza kazi ya kuanzisha skuli za watoto wadogo ndani ya madrasa. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990. Wanawake wa vijijini walifunzwa ualimu, na vifaa vilitoka katika mazingira yao: makombe, mbegu, vifuu, ukindu. Wanakijiji wenyewe waliunda kamati za kuziendesha. Mwaka 2006, sera ya elimu ya Zanzibar iliifanya elimu ya maandalizi kuwa sehemu ya elimu ya msingi ya lazima. Kadhalika yakaja masomo ya redio yaliyoitwa Tucheze Tujifunze, jina linalotosha kuwa fundisho.

Pamoja na hayo, ipo hatari. Wazazi wengine hupima skuli kwa wingi wa herufi katika daftari, na humsifu mtoto wa miaka mitatu anayeimba kwa Kiingereza maneno asiyoyafahamu. Mtoto huyo huketishwa kwa safu na kukatazwa kusema, ilhali umri wake ndio umri wa kusema. Mtoto wa Makunduchi huja na lahaja ya kwao. Akichekwa siku ya kwanza, hunyamaza mwaka mzima. Skuli ya maandalizi si darasa la kwanza lililopunguzwa urefu.

Kwa hiyo twashauri kwamba bakora ya chuo iachwe, bali ule utaratibu wa mkubwa kumsaidia mdogo udumishwe. Vitendawili, ngano na michezo ipewe saa zake katika ratiba, na bibi wa kijiji aalikwe darasani kama mwalimu. Utamaduni wa taifa hauhifadhiwi na vitabu na majumba peke yake. Huhifadhiwa zaidi na mtoto aliyeachiwa nafasi ya kuuliza, kwa lugha ya mama yake, na akapata mtu mzima wa kumjibu.