Chuma Kisichoyeyushwa: Wahunzi wa Samia

Wengi wetu tulipita Busia ndani ya basi, tukaona foleni ya malori na watu wa mihuri, basi. Lakini karibu na hapo, ukielekea Ziwa Viktoria, kuna milima ya Samia. Mpaka umewagawa Wasamia, wengine Kenya, wengine Uganda. Kabla ya mpaka huo, milima ile ilikuwa karakana ya majembe ya majirani wote.

Mimi ni fundi chuma hapa kambini, kwa hiyo naanza na moto. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, alumini 660, shaba 1085. Chuma kinasubiri mpaka 1538. Ndiyo maana alumini chakavu tunaiyeyusha kwa makaa na kumimina sufuria, lakini nondo tunaipasha na kuigonga tu. Na jembe la alumini? Litajikunja kwenye jiwe la kwanza.

Tanuri la udongo lenye makaa na mivuo ya mkono hufika kama 1200. Sasa Wasamia walipataje chuma? Hawakukiyeyusha. Hewa ya makaa yanayoungua huyanyang'anya mawe oksijeni. Uchafu huyeyuka na kutiririka, ndiyo mavi ya chuma. Chuma chenyewe hubaki bonge lenye matundu. Bonge hilo lilipashwa tena na kufuliwa mpaka likashikana, likawa jembe. Majembe hayo yalifika Busoga na kwa Wajaluo, na watu walioa kwa majembe.

Halafu reli ikafika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kupitia Tororo ikafika Kampala 1931. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yakauzwa rahisi, na matanuri yakazimika. Wahunzi wakabaki kufua vyuma chakavu. Ujuzi ule haukushindwa na moto, ulishindwa na bei.

Ninalisema hili kwa sababu fomu za mafunzo humuandika fundi asiye na cheti kuwa "hana ujuzi". Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kuandika hivyo, mpeni makaa na kipande cha chuma. Mhunzi hana kipimajoto. Anajua chuma chekundu kinakunjika, na kikikaribia weupe vipande viwili vitaungana kwa nyundo. Muulizeni rangi, atawajibu.