Wawindaji wa Marekani wahofia debe la kura kuliko mbwa-mwitu

WAWINDAJI wa jimbo la Colorado, nchini Marekani, hawakushindwa na mbwa-mwitu msituni. Walishindwa debeni.

Mnamo Novemba 2020 wapigakura wa jimbo hilo waliidhinisha Pendekezo la 114, lililoiagiza idara ya wanyamapori ianze kuwarejesha mbwa-mwitu wa kijivu kabla ya mwaka 2023 kumalizika. Tofauti ilikuwa takriban kura 57,000 kati ya zaidi ya milioni tatu zilizopigwa. Wakazi wa Denver, Boulder na miji jirani ndio walioinamisha mizani. Upande wa magharibi wa Milima ya Rocky, ambako wanyama hao wangeachiliwa, kaunti nyingi zilikataa.

Mnyama anayezungumziwa si yule mbwa-mwitu mwenye madoadoa anayeonekana Laikipia. Huyu ni mkubwa zaidi, na katika Colorado alikuwa ameangamizwa kwa sumu, mitego na bunduki kufikia miaka ya 1940.

Kwa msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, malalamiko ya wawindaji huenda yakaonekana kama kinyongo cha wenye bunduki. Colorado mambo ni tofauti. Ada za leseni za uwindaji ni miongoni mwa mapato makuu ya idara ya wanyamapori, na sheria ya taifa ya mwaka 1937 huelekeza kodi ya bunduki na risasi kwa majimbo ili igharimie uhifadhi. Mwindaji hujiona kuwa ndiye mlipaji, na huuliza kwa nini mkazi wa mjini asiyewahi kununua leseni ndiye aamue.

Hofu yao kubwa ni kuhusu elki, kulungu wakubwa wanaowindwa kwa nyama na pembe. Mfano wanaoutaja mara kwa mara ni Mbuga ya Yellowstone, ambako mbwa-mwitu 31 kutoka Kanada waliachiliwa mwaka 1995 na 1996. Kundi la elki la kaskazini mwa mbuga hiyo lilikuwa na wanyama wapatao 19,000 mwaka 1994. Kufikia 2013 walikuwa wamebaki chini ya 4,000.

Takwimu hizo ni za kweli, ila hazielezi yote. Watafiti wanataja pia dubu, puma, ukame na bunduki za wawindaji wenyewe, walioruhusiwa kuua elki jike wengi walipotoka nje ya mbuga. Katika jimbo zima la Montana idadi ya elki iliongezeka. Hata hivyo, wastani wa jimbo haumfariji mwindaji ambaye bonde alilozoea limebaki tupu.

Lipo pia suala la udhibiti. Bunge la Marekani liliwaondolea mbwa-mwitu wa Idaho na Montana ulinzi wa serikali kuu mwaka 2011, na uwindaji wao ukaruhusiwa. Pendekezo la 114 liliwaweka katika orodha ya wanyama wasiowindwa.

Mbwa-mwitu 10 kutoka Oregon waliachiliwa Desemba 2023, na wengine 15 kutoka British Columbia wakafuata Januari 2025. Katikati ya vipindi hivyo mifugo iliuawa, na wafugaji wakadai fidia, ambayo sheria inaruhusu ifikie dola 15,000 kwa kila mnyama.

Si mara ya kwanza kwa debe kuwaendea kombo wawindaji. Mwaka 1992 wapigakura wa Colorado walipiga marufuku kuwinda dubu kwa chambo na kwa mbwa, na mwaka 1996 wakaizuia mitego mingi. Kwa hivyo Pendekezo la 127 lilipoletwa Novemba 2024 ili kukomesha uwindaji wa puma, wapinzani wake hawakujikita katika kutetea ngozi na vichwa vya kutundikwa ukutani. Waliwaambia wapigakura kwamba idadi ya wanyama iamuliwe na wataalamu wa jimbo, si na kampeni. Takriban asilimia 55 ya wapigakura walilikataa pendekezo hilo, miaka minne tu baada ya jimbo lilo hilo kuwakaribisha mbwa-mwitu.