Gitaa la bei chee lisilopasuka

Wadau, kabla hujalitoboa gitaa kuukuu la mjomba, sikia historia hii.

Miaka ya 1950 kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliuza magitaa ya bei nafuu, Gallotone. Lebo ya ndani iliahidi kwamba halitapasuka. John Lennon alikuwa na moja mwaka 1957 alipokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000.

Kwa hewa kavu ya Tarbaj, ahadi hiyo ina uzito. Ubao mzima hupoteza unyevu, husinyaa na kupasuka. Plaiwudi ya magitaa mengi ya bei chee huvumilia zaidi, kwa sababu tabaka zake zimepishanishwa.

Unataka kuligeuza la umeme? Kinasa sauti cha sumaku huhitaji nyuzi za chuma. Gitaa lililoundwa kwa nailoni usilifunge chuma, mvuto utang'oa daraja. Libandikie kinasa mtetemo cha piezo, bila kukata mbao.

Ni kanuni yetu waandika programu: anza na badiliko linalorudishika. Tundu la keekee halirudi.