Wachongaji Wasiotajwa

Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura. Bibi yangu ametunza kanga moja kuukuu, na husema ilitoka Japani. Siku moja aliniuliza, "Mjukuu wangu, nani aliichora?" Sikuwa na jibu, nikaanza kusoma.

Wajapani walikuwa wakichapa picha kwa mbao muda mrefu kabla ya viwanda. Picha ya wimbi kubwa, ya mnamo 1831, inajulikana kwa jina la Hokusai. Lakini yeye alichora tu. Fundi mwingine alichonga mchoro kwenye mbao za mti wa cheri, wa tatu akapaka rangi na kukandamiza karatasi, na mchapishaji akagharimia na kuuza.

Kanga za mwanzo nazo, mwishoni mwa karne ya 19, zilipigwa chapa kwa mbao za kuchongwa. Katika karne ya 20, viwanda vya Japani vikazichapa kwa wingi kwa soko la Afrika Mashariki. Kwenye pindo tunasoma alama ya mfanyabiashara, kama vile "Mali ya Abdulla". Jina la aliyechora halimo.

Bibi bado anasubiri jibu. Nimeweza kumwambia kazi ilivyofanywa, jina sikulipata.