Kiti Bila Ulinzi: Elvia Carrillo Puerto na Vyama vya Wanawake wa Yucatán

Novemba 1923, Elvia Carrillo Puerto alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Yucatán, kusini-mashariki mwa Meksiko, pamoja na Raquel Dzib Cicero na Beatriz Peniche. Wengi wanaosimulia maisha yake huanzia hapo na kumsifu kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuchaguliwa wabunge nchini humo. Sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo, anayemtazama Elvia kupitia kiti hicho pekee ataona sehemu fupi kuliko zote za kazi yake. Ninadai hapa kwamba alikuwa kwanza mratibu wa vyama, na ubunge ulikuwa zao la uratibu huo.

Yucatán iliishi kwa katani. Mashamba yalikuwa mikononi mwa koo chache za Mérida. Wamaya waliofungwa kwa madeni ndio waliokata majani, na nyuzi zikauzwa Marekani kufungia miganda ya ngano. (Msomaji wa Tanga hayuko mbali na habari hii: jina “sisal” limetokana na bandari ya Yucatán, na miche ambayo mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf aliileta Afrika Mashariki mwaka 1893 ilitokana na mimea iliyotoka huko.) Jenerali Salvador Alvarado, aliyeingia jimboni mwaka 1915 na kuwa gavana, alipiga vita utumwa wa madeni na Januari 1916 akaitisha mkutano wa wanawake mjini Mérida. Waliohudhuria wengi walikuwa walimu, watu wa mjini waliosoma.

Elvia naye alikuwa mwalimu, lakini alizaliwa Motul, katikati ya mashamba ya katani, na Kimaya alikijua. Alielekea vijijini. Kaka yake Felipe alipokuwa gavana mwaka 1922, chama chake cha kisoshalisti kilikuwa kimejengwa juu ya vyama vya wafanyakazi na wakulima vilivyoitwa ligas de resistencia. Elvia na wenzake waliunda vyama vya wanawake ndani ya mtandao huo. Wanachama walifundishwa kusoma, usafi wa uzazi na madhara ya pombe. Hata kupanga uzazi kulijadiliwa: mwaka 1922 kijitabu cha Margaret Sanger, Mmarekani mtetezi wa uzazi wa mpango, kilisambazwa jimboni na kuzua kelele kubwa miongoni mwa wahafidhina.

Mpinzani atasema huyu alikuwa dada wa gavana tu. Hoja hiyo haipuuziki. Vyama vile vilitegemea dola kuliko wafuasi wake walivyopenda kukiri, na wanawake waligombea kwa idhini ya chama kilichotawala. Desemba 1923 wafuasi wa Adolfo de la Huerta, rais wa zamani, waliasi dhidi ya serikali ya taifa. Tarehe 3 Januari 1924 Felipe alipigwa risasi mjini Mérida pamoja na ndugu zake watatu. Elvia alifiwa na kaka wanne kwa siku moja, na kiti chake kikapotea kabla hakijapata joto. Kama angekuwa kivuli cha Felipe tu, hadithi ingeishia hapo.

Haikuishia. Mwaka 1925 aligombea ubunge wa taifa katika jimbo la San Luis Potosí, ambako gavana Rafael Nieto alikuwa ameshawapa wanawake wanaojua kusoma haki ya kupiga kura. Kaka hakuwapo, wala mtandao wa Yucatán. Alishinda kwa kura nyingi. Baraza la Wawakilishi likakataa kumpokea, kwa hoja kwamba sheria ya uchaguzi wa taifa iliwahusu wanaume.

Huo ndio ushahidi ninaouona mzito zaidi kwamba hakuwa kivuli cha kaka yake. Alichokosa ni ulinzi wa kiti. Kule Yucatán vyama vilimwinua, lakini nguvu ya serikali iliyovilinda ilianguka. San Luis Potosí sheria ya jimbo ilimruhusu, lakini haikuwa na nguvu mbele ya Baraza. Katiba ilirekebishwa Oktoba 1953 ili wanawake wapige kura na kugombea nchi nzima, Elvia akiwa amevuka miaka 70, na kufikia hapo vyama vya wanawake wa mashamba ya katani vilikuwa vimekwisha kuvunjwa miongo mitatu nyuma.