Mji Mkongwe Usiku: Matembezi Yetu ya Kamera

Ndugu Mhariri ameniomba niwaandikie wenzangu juu ya yale matembezi ya usiku tunayoyafanya katika Mji Mkongwe wa Unguja kila tunapokutana kwa mkutano wetu wa mwaka. Nilipokubali nilidhani nitaandika ukurasa mmoja wa masihara kuhusu wazee wenye mvi wanaobeba kamera na stendi za miguu mitatu gizani. Lakini kila nilipoishika kalamu, historia ya mji ilinitangulia. Basi nitaeleza matembezi na nitaeleza mji, kwani kimoja hakifahamiki bila ya kingine.

Wengi wetu mtakumbuka kwamba tulipokuwa skuli, usiku wa mji ulikuwa haramu kwetu. Taa za bweni zikizimwa, mwanafunzi alitakiwa awe kitandani. Wako walioruka ukuta kwenda kutazama filamu katika sinema ya Majestic pale Vuga, na wakarudi na viatu mkononi. Sitawataja, maana baadhi yao sasa ni mababu na wajukuu zao wanasoma jarida hili. Ninachotaka kusema ni kwamba tuliujua mji kwa mchana tu: njia ya sokoni, njia ya msikitini, njia ya nyumbani. Usiku wake tuliuanza tukiwa watu wazima, mwaka 2019, baada ya chakula cha mkutano wetu, pale mwenzetu mmoja aliyekuwa kiranja wa bweni aliposema, "Jamani, twendeni tukapige picha. Leo hakuna wa kutufungia lango."

Jambo lenyewe si geni duniani. Huko London, miaka ya 1890, mpiga picha Paul Martin alitembea na kamera yake usiku kupiga picha za barabara kwa mwanga wa taa, wakati watu wengi wakidhani haiwezekani. Huko Paris, miaka ya 1930, Brassaï alijipatia jina kwa picha za mji ule usiku. Na tangu mwaka 2008, kwa juhudi za Mmarekani Scott Kelby, watu wa miji mingi hutoka kwa makundi siku moja kila mwaka wakitembea na kupiga picha pamoja. Sisi hatukumwiga mtu, lakini si vibaya kujua kwamba tunayo jamaa kubwa.

Zanzibar nayo ina nasaba yake katika ufundi huu, tena ya zamani. Msafara wa Mfaransa Charles Guillain uliopita pwani yetu kati ya mwaka 1846 na 1848 ulikuja na vyombo vya picha vya mwanzo kabisa. Mwaka 1860 James Grant, aliyekuwa akijitayarisha kwenda bara pamoja na Speke, alipiga picha hapa Unguja. Baadaye katika karne ile ya 19 wakaja mafundi wa Kigoa, A. C. Gomes na J. B. Coutinho, ambao picha zao za majumba, bandari na watu zilisambaa dunia nzima kwa kadi za posta. Na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo kuta zake zimejaa sura za watu wa visiwa hivi. Kwa hivyo mtu anayesimama Shangani na kamera amesimama mahali palipokwisha kukanyagwa.

Lakini tazameni kitu kimoja. Katika picha nyingi za zamani sana njia za miji huonekana tupu, kana kwamba hapakuwa na watu. Watu walikuwapo. Vyombo vya wakati ule vilihitaji muda mrefu kupokea mwanga, na mtu apitaye hakukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha. Ukuta ulibaki, mpita njia akapotea. Jambo hilo hilo tunaliona sisi usiku. Kamera ikiwekwa juu ya stendi na kuachwa wazi kwa sekunde ishirini, mchuuzi akipita na baiskeli yake haonekani kabisa, ila taa yake huacha mstari mwembamba ukutani. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili nikawaza juu ya wale waliobeba mawe ya majumba haya, wengi wao watumwa, ambao nao historia iliyoandikwa imewapitisha namna hiyo hiyo.

Taratibu zetu ni hizi. Tunakutana Forodhani baada ya sala ya Isha, yapata saa mbili usiku. Bustani ile ilipewa jina la Jubilii mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Haroub katika kiti, na ikatengenezwa upya mwaka 2009. Hapo kuna karabai, moshi wa mishkaki, urojo na maji ya miwa, na asiyekuwa na stendi huegemeza kamera juu ya ukuta wa bahari. Hatuendi peke yetu, kwa sababu gizani mmoja hutazama kamera na mwingine hutazama njia. Tena mwenye tochi humulikia mwenzake, na aliyesahau jina la mtaa hukumbushwa. Na kila tunaposimama, mmoja wetu hueleza mahali pale pana habari gani. Haruhusiwi kuzidi dakika tano, kwani tunajuana.

Mbele ya bustani ndipo iliposimama Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, nyumba ya kwanza ya Zanzibar kuwa na umeme. Wazee walisema watu walikuja ufukweni usiku kuitazama inavyowaka, na mimi naamini, maana hata leo taa moja katika mji wenye giza humvuta mtu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga sehemu hii ya ufuko kwa muda usiofika saa moja, kwa ajili ya kumtoa Khalid bin Barghash katika kiti alichokikalia. Jumba la Beit al-Hukm lilibomoka, na mnara uliokuwa mbele ukaharibika. Ndipo Beit al-Ajaib ikapewa mnara wa saa katika uso wake, ule tulioujua sisi sote.

Habari ya mwanga katika mji huu ina kichekesho chake. Mji uliotangulia kupata umeme ulikuja kuukosa katika siku zetu. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa gizani karibu mwezi mzima baada ya kukatika umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari. Kisha kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Maji hayakupanda mabombani, samaki waliharibika, na usiku watu walirudia vibatari na fanusi. Mwenzetu mmoja anayekaa Malindi alisema ilikuwa dhiki kubwa, lakini ndipo alipouona mji kama alivyouona babu yake: kila mlango na kijitaa chake, na juu, nyota.

Kutoka Forodhani tunapita ubavuni mwa Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoshwa mwaka 1698, kisha tunaingia vichochoroni, Hurumzi, Kiponda, mpaka Sokomuhogo. Hapa yafaa nieleze namna nyumba zetu zilivyojengwa, kwa sababu ndilo jambo nililojifunza zaidi kwa kutembea usiku. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, chumba nacho huwa chembamba kikarefuka upande mmoja. Chokaa hupumua; ukuta ukirowana, hukauka. Lakini paa likivuja miaka mingi, au fundi akiziba ufa kwa saruji, maji hufungika ndani, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, na ukuta huanza kuvimba kama tumbo la mgonjwa.

Mchana jua la utosini hulisawazisha yote hayo, usione kitu. Usiku, taa ya mtaani ikiupiga ukuta kwa ubavu, kila uvimbe hutoa kivuli na kila ufa huonekana kama mto katika ramani. Kwa hivyo kamera zetu, tulizozichukua kwa furaha, zilianza kutuonyesha maradhi.

Na hapo ndipo tulipokaripiwa. Usiku mmoja pale Sokomuhogo tulikuwa tumeelekeza kamera kwenye ukuta mmoja mzuri, na juu yake palikuwa na dirisha lililo wazi lenye mwanga. Ikatoka sauti ya bibi kizee: "Nyinyi ni watu wazima na mvi zenu! Ndiyo mnachungulia madirisha ya watu usiku huu?" Tuliona haya kuliko siku tuliyoitwa mbele ya mwalimu mkuu. Kiranja wetu akatoa salamu, akaomba radhi, akaeleza kwamba tunapiga picha ya ukuta. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ukuta? Basi pandeni juu muutazame kwa ndani."

Tulipanda wawili, wengine wakabaki barazani. Ule uvimbe tuliouona nje, ndani ulikuwa ufa wa kuingiza vidole vitatu, na bibi ameusogezea kabati ili wajukuu wasiuguse. Alituambia amekaa nyumba ile tangu miaka ya 1960. Wenzangu wanajua kwamba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za mjini ziliingia mikononi mwa serikali, wenyewe wengine wakaondoka nchini, na familia nyingi zikapewa vyumba humo kwa kodi ndogo. Walipata stara, na hilo si dogo. Lakini nyumba moja ikawa na familia sita na haina mwenye kupanda juu kuziba paa. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hata hivyo, orodha haizibi paa.

Tangu usiku ule tuna sharti moja zaidi: hapigwi picha dirisha wala mlango ulio wazi bila ya hodi. Na tukiona ukuta unaovimba, tunampelekea mwenye kukaa nyumba ile nakala ya picha, yenye tarehe nyuma yake, ili awe na kitu cha kuonyesha anapokwenda kuomba msaada. Bibi yetu tulimpelekea mbili. Mwaka uliofuata tulikuta nguzo za miti zimeegemezwa nje ya ukuta wake. Si tiba kamili, lakini alikuwa hai na kahawa alitupikia.

Matembezi huishia Mkunazini, penye kanisa kuu la Kianglikana. Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwezi Juni 1873, na Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi wa kanisa mahali pale pale. Uani, ndani ya shimo, kuna sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Hapo hatuweki stendi. Lango huwa limefungwa saa zile, nasi husimama nje, tumezima tochi, dakika chache. Mambo mengine yaangaliwe tu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 2020 hatukukutana kwa sababu ya maradhi ya korona. Tarehe 25 Disemba mwaka ule sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, ilianguka wakati jumba likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Nilipopata habari nilikwenda kwenye sanduku langu. Katika usiku wetu wa kwanza, mwaka 2019, kila mmoja aliipiga picha Beit al-Ajaib, kisha wengi wakazifuta, kwa kuwa mbele kulikuwa na mwangaza mkali wa taa za wachuuzi. Mimi ilinibaki moja. Imetikisika, imepinda, na kidole changu kimeziba pembe ya chini. Nilikuwa ninaona haya kuionyesha. Leo ndiyo picha pekee ya kundi letu inayoonyesha mnara ule usiku, taa zikiugusa mpaka juu.

Ndugu zangu, tuna umri sasa, na kila mmoja wetu ana bahasha ya picha ndani ya kabati: harusi, timu ya mpira, maulidi, gwaride. Nyuma ya wale watu waliotabasamu kuna baraza, mlango, ukuta ambao labda haupo tena. Nakuombeni tatu. Kwanza, andikeni kwa penseli nyuma ya picha jina la mtaa, mwaka na walio ndani, kabla hamjasahau au hamjafa. Pili, msifute picha mbaya. Tatu, mkija mkutano ujao, njooni na viatu vya kutembelea, na leteni watoto na wajukuu wabebe stendi. Sisi tutabeba maneno.

Tutakutana Forodhani baada ya Isha kama kawaida. Waliowahi kuruka ukuta watatuongoza, maana wao njia wanazijua tangu zamani.