Faida haikuwa kwa bunduki

Ukinunua simu hapa Kachibora, muuzaji hakuachi uende hivi hivi. Kuna kava, kuna protekta, kuna chaja anayoapa ni orijino. Simu unanunua mara moja, hivyo vingine utavirudia mpaka uchoke. Juzi nikawaza: waliowauzia mababu zetu bunduki walijua mchezo huu mapema sana.

Turudi Zanzibar miaka ya 1880. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yamebadilisha silaha, na zile kuukuu zikaletwa huku kwa meli. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza pale, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikipita kila mwaka. Nyingi zilielekea bara na misafara ya pembe za ndovu. Lakini bunduki haikusafiri peke yake. Pamoja nayo kulikuwa na baruti, fataki na risasi (na neno risasi, kabla ya kitu kingine chochote, ni jina la ile metali).

Hapa ndipo watu wengi hawaangalii. Mwenye gumegume alihitaji jiwe la cheche na baruti. Risasi, mhunzi wa karibu angemyeyushia. Ikaja bunduki ya fataki. Inalia vizuri hata kukiwa na unyevu, lakini fataki hutengenezi nyumbani. Halafu zikaja zile za kutiwa risasi kwa nyuma, na sasa kila mlio mmoja lazima uutoe kiwandani Ulaya. Yaani kadiri bunduki ilivyokuwa nzuri, ndivyo mwenyewe alivyofungwa kwa muuzaji.

Wazungu walilielewa hilo poa sana. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa pamoja na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume na baruti ya kawaida zikaachwa ziuzwe, kwa masharti.

Huku kwetu, Babukusu walikuwa na bunduki walizopata kwa watu wa misafara na wanajeshi wa Kisudani. Mwaka 1895 serikali ilizitaka, vita vikazuka, Hobley akaja na jeshi. Lumboka ikaanguka, kisha ngome ya Chetambe karibu na Webuye. Shuleni tulifundishwa ushujaa, na ni haki. Hakuna mwalimu aliyeuliza baruti ilikuwa inatoka wapi, na njia ya msafara ikifungwa unafanya nini.

Swali hilo liko hai. Kibali cha bunduki Kenya huandikwa na idadi ya risasi unazoruhusiwa, kwa hivyo sheria inajua. Lakini kila operesheni ya kunyang'anya silaha huku Bonde la Ufa Kaskazini, tunatangaziwa bunduki ngapi zimerudishwa. AK-47 inaweza kukaa miaka chini ya kitanda. Risasi zinaisha, na mtu anazileta tena. Baraza lijalo nitainua mkono niulize kuhusu huyo mtu.